Maneno na Asili Yake: Jeuri

Mtoto akijibizana na mkubwa huambiwa ana jeuri. Mama atokaye upande wa Kongo na dumu lake la mawese, akimwuliza askari pale Mpondwe kwa nini mzigo wake wafunguliwa mara ya pili, naye huenda akaambiwa vivyo hivyo. Kutoka soko la Bwera hadi vilima vya Mahango, hata mwenye Kiswahili cha kuokoteza halikosi neno hili.

Asili yake ni Kiarabu, jawr, na maana yake ya kwanza ni kupotoka, kuiacha njia iliyonyoka. Hutumiwa hasa kwa mtawala adhulumuye raia wake. Watu wa pwani walipolitwaa hawakuitupa maana hiyo; kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado yaitaja, pamoja na ukatili na uonevu. Hata leo twasema "jeuri ya fedha", yaani nguvu na kiburi cha mtu ambaye mfuko wake umejaa.

Basi tazameni neno lilivyoshuka ngazi. Lilikuwa la sultani. Sasa ni la mtoto, la mtumishi, la mchuuzi. Mwenye nguvu amemvika mnyonge jina lililokuwa lake mwenyewe! Neno chutzpah la Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki lilikwenda kinyume: lilikuwa tusi la mtu asiye haya, nalo huko Marekani likapata kuwa nusu sifa.

Kwetu Uganda jambo hili lina uchungu wake. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, nacho tangu 2005 kimo katika Katiba kama lugha rasmi ya pili. Lakini katika miaka ya 1971 hadi 1979 raia wengi walikisikia vizuizini, kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na wapo wazee ambao hawajakisamehe. Aliyethubutu kuuliza neno ndiye aliyehesabiwa jeuri. Kwa maana ya asili, jeuri ilikuwa upande wa pili wa kizuizi.

Maneno mengine yapo, tena mazuri. Ujuvi watokana na kujua: ni tabia ya mtoto ajionaye amewapita wazazi wake. Kimbelembele ni cha yule ajitiaye mbele pasipo kuitwa. Ufidhuli ni mzito zaidi, kwani una dharau ndani yake. Na mama yule wa mawese, aliyeuliza kwa adabu, ana ujasiri. Hilo nalo latoka Kiarabu, katika neno la kuthubutu.

Sasa mtoto akimwuliza baba askari, mbele ya chakula, kwa nini jana amerudi usiku wa manane, akina mama wenyewe wataamua kama ni mjuvi au ni jasiri. Mimi jeuri nisingemwita.