Vita dhidi ya mbung'o havitashindwa maabarani pekee

PROFESA Thomas Odhiambo alipoaga dunia mwaka wa 2003, aliiachia Kenya swali ambalo lingali linasumbua vichwa: Je, elimu ya wadudu ni mali ya mtaalamu au ya mfugaji?

Mwanabiolojia huyo aliyesomea Cambridge, Uingereza, alichunguza homoni zinazoongoza uzazi wa nzige wa jangwani. Mnamo 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa kituo hicho walishirikiana na wafugaji wa Kimaasai huko Nguruman, Kajiado, kutega mbung'o, anayeeneza nagana, ugonjwa unaoangamiza ng'ombe. Mitego ilishonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, chambo kikiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe.

Siri ya mtego huo imo katika makuzi ya mdudu mwenyewe. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hulea buu mmoja tu tumboni kwa siku tisa hivi, kisha humzaa. Naye hujizika mchangani na kugeuka bundo. Kwa kuwa uzazi huu ni wa polepole, kunasa majike wachache kila siku kunatosha kupunguza kizazi kizima. Mfugaji asiye na darubini anaweza kuifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, mbung'o hatambui mpaka wa boma. Anayetunza mtego na anayeupuuza hunufaika sawa, na hapo ndipo ari ya umma huanza kufifia.

Mambo ni tofauti kwa mbinu ya vuta-sukuma, iliyostawishwa Mbita miaka ya 1990 dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia kandokando. Mavuno ni yake, na lishe ya ng'ombe ni yake pia.

Funzo ni kwamba kuwashirikisha wananchi hakuishii katika kuwagawia vifaa. Lazima waelewe maisha ya mdudu, na wakubaliane ni nani atakayeutunza mtego wa wote. Kaunti, zilizokabidhiwa huduma za kilimo na mifugo mwaka wa 2013, ndizo zenye jukumu la kusimamia makubaliano hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.