Bei Imekatwa, Lakini Je, Televisheni Yafaa?

Ifikapo mwisho wa mwaka, madirisha ya maduka ya Kampala hujaa vibandiko vyekundu. Bei ya zamani imepigwa mstari, na chini yake imeandikwa nyingine iliyo ndogo, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Miongoni mwa vitu vyote vinavyouzwa kwa namna hiyo hakuna kiwavutacho wapita njia kama televisheni, kwani yenyewe hujitangaza: inang'aa, inacheza, na inaonyesha maua na samaki wa rangi ambazo hazijapata kuonekana katika ziwa lolote la Uganda.

Yafaa kuchukua mfano wa mume na mke wa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, ambako Kiswahili na Kinubi vimesikika majumbani kwa muda mrefu. Kikundi cha akiba cha mama kimegawana fedha zake za mwaka, kama vikundi vingi vifanyavyo mwezi wa Desemba, na baba naye ana kiasi alichokiweka kando. Jumla yao ni shilingi 2,300,000. Watoto wawili wataanza muhula wa kwanza mapema Februari, na karo yao ni shilingi 900,000. Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo, imekwisha kuwa meza ya kuwekea redio. Wamesimama dukani mbele ya televisheni ya daraja la kati yenye inchi 55. Bei iliyopigwa mstari ni shilingi 2,600,000. Bei ya sasa ni shilingi 1,850,000.

"Mama Watoto, laki saba na nusu wametupunguzia," asema baba.

"Wametupunguzia kutoka wapi, Baba Watoto? Wewe umemwona aliyeinunua kwa milioni mbili na laki sita?"

Swali la mama ni zito kuliko linavyosikika. Bei iliyopigwa mstari aghalabu ni bei ambayo bidhaa ilifika nayo dukani miezi mingi iliyopita, na pengine hapana hata mteja mmoja aliyeilipa. Punguzo la kweli hupimwa kwa kuuliza duka la pili na la tatu mtambo ule ule, wenye namba ile ile, unauzwaje leo. Ikiwa majirani wote wanauza kwa milioni moja na laki tisa, basi punguzo ni elfu hamsini, si laki saba na nusu. Kazi hii huchukua saa moja ya kutembea, na hailipiwi.

Hata hivyo, si haki kudhani kwamba kila kibandiko chekundu ni hila. Watengenezaji wakubwa huonyesha mitambo yao mipya kila Januari katika maonyesho ya Las Vegas, Marekani, na katika miezi inayofuata mitambo hiyo huanza kuingia madukani. Ile ya mwaka uliopita sharti iondoke ghalani. Punguzo la namna hiyo ni halali, na mara nyingi ndilo bora kuliko yote, kwa sababu televisheni ya daraja la kati haibadiliki sana kwa mwaka mmoja. Mnunuzi aombe kusoma namba iliyo nyuma ya mtambo. Kwa televisheni za kawaida za LG, herufi zifuatazo inchi huonyesha mwaka: UQ ni ya 2022, UR ya 2023 na UT ya 2024. Kwa Samsung za daraja hilo, BU ni ya 2022, CU ya 2023 na DU ya 2024. Mtambo uliopitwa na mwaka mmoja au miwili kwa bei iliyoshuka sawasawa ni biashara nzuri. Uliopitwa na minne, huku muuzaji akiuita "mpya kabisa", unahitaji bei nyingine.

Kuna punguzo jingine linalofaa kuogopwa kidogo. Televisheni iliyokuwa ikiwaka dirishani kwa saa kumi na mbili kila siku, kwa mwaka mzima, imekwisha kufanya kazi zaidi ya saa 4,000, tena kwa mwanga wa juu kabisa. Kwa nyumba inayotazama saa nne kwa siku, huo ni utumishi wa karibu miaka mitatu. Muuzaji akiikubali hali hiyo waziwazi na kushusha bei ipasavyo, hapana kosa, lakini aulizwe. Ipo pia mitambo iliyotoka ng'ambo kwa njia za pembeni. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea matangazo kwa utaratibu uitwao ATSC, nayo huku haitashika kituo chochote kwa antena. Uganda, kama majirani zake, hutumia DVB-T2. Tena baadhi ya mitambo hiyo imeundwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120, hali wa nyumba za Uganda ni volti 240. Kibandiko cha nyuma husema yote mawili, nacho hakijui kubembeleza.

Sasa, "daraja la kati" ni nini? Karibu televisheni zote za bei hiyo zina kioo ambacho hakitoi mwanga chenyewe. Mwanga hutoka katika taa ndogo ndogo zilizo nyuma yake au pembezoni mwake. Hata zile ziandikwazo QLED ni za aina hii, zikiwa zimeongezewa utando unaotia rangi nguvu. Zisichanganywe na OLED, ambazo kila nukta yake hujiwashia mwanga wake, nazo bei yake iko mbali. Kinachoitenganisha televisheni nzuri ya kati na ya chini ni jinsi taa hizo zilivyopangwa. Zikienea nyuma ya kioo chote na kuweza kufifishwa kwa mafungu, usiku wa sinema huwa mweusi. Zikiwa pembezoni tu, usiku huwa wa kijivu na pembe za kioo hung'aa kama mlango usiofungwa vizuri. Neno HDR kwenye boksi lisimpoteze mnunuzi: maana yake ni kwamba mtambo hufahamu picha za namna hiyo, si kwamba una mwangaza wa kutosha kuzionyesha inavyotakiwa.

Haya yote hayaonekani kwa kuwatazama samaki. Picha ya duka imechaguliwa kwa ajili ya duka, na mtambo wenyewe umewekwa katika hali ya dukani, ambayo huzidisha mwanga na rangi kupita kiasi. Mama wa Bombo afanye mambo matatu. Kwanza, aombe hali hiyo iondolewe na mtambo uwekwe kama utakavyokuwa nyumbani. Pili, aombe kituo cha kawaida cha Uganda, hasa taarifa ya habari au mpira, kwa kuwa ndivyo vitakavyotazamwa Bombo. Tatu, asogee upande hadi mahali ambapo nyumbani kungekuwa na kiti cha pembeni, kisha atazame kama nyuso za watu zinabaki na rangi yao. Vioo vingine hupauka mtu anapokaa pembeni, na katika nyumba yenye watu wengi si wote watakaopata kiti cha katikati. Muuzaji akikataa mambo haya, hilo nalo ni jibu.

Habari ya nukta huwachanganya wengi. Televisheni iitwayo 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni nane. Ile ya kabla yake, Full HD, ina milioni mbili na ushei. Lakini nukta za kioo haziongezi habari ambayo haikutumwa. Tangu Uganda ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, picha zimekuwa safi zaidi, ila vituo vya kawaida havitumi 4K. Picha hizo hufika hasa kwa intaneti. Kampuni ya Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde, na saa moja ya picha hizo yaweza kula hadi gigabaiti 7. Familia inayonunua data kwa vifurushi vya simu na ipige hesabu ya filamu moja ya saa mbili. Kwa inchi 55 ni vigumu leo kukwepa 4K, wala si lazima kuikwepa. La muhimu ni kutoilipia zaidi kana kwamba itatumika kila jioni.

Ndivyo ilivyo pia kwa tarakimu za mwendo, 120 au 200, ambazo baadhi ya watengenezaji huzipata kwa hesabu zao wenyewe. Picha za sinema huenda 24 kwa sekunde, na za mpira wa kituo cha kawaida hazizidi 50. Mtambo wa kweli wa 60 watosha, isipokuwa nyumba ina kijana mwenye mashine ya michezo ya kisasa.

Programu za intaneti ndani ya televisheni huchakaa kabla ya kioo. Baada ya miaka kadhaa baadhi yake hukataa kufunguka, kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kuacha kuzihudumia. Hilo lisiwe sababu ya kuukataa mtambo wa mwaka juzi, maana kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya bei. Kwa upande mwingine, mtambo usisifiwe kupita kiasi kwa sababu tu una programu nyingi.

Ukubwa ndio ambao watu hukosea zaidi, kwa sababu duka ni pana na dari yake ni ya juu. Inchi 55 ni mshazari wa sentimita 140 hivi. Upana wake hukaribia sentimita 122. Kanuni nyepesi ni kuuzidisha mshazari kwa moja na sita kwa kumi: inchi 55 yataka macho yawe mbali kiasi cha mita 2 na sentimita 20, na inchi 43 mita 1 na sentimita 75. Picha ya 4K humvumilia aliye karibu zaidi. Picha ya kituo cha kawaida haimvumilii. Kasoro zake zote hutoka nje. Baba alipompigia simu kijana wake apime kutoka ukutani hadi kwenye kochi, jibu lilikuwa mita 1 na sentimita 80.

Umeme si gharama kubwa, lakini ni gharama ya kila siku. Mtambo unaotumia wati 100 kwa saa tano hula nusu ya yuniti. Kwa mwezi ni yuniti 15, na mwenye mita ya Yaka anajua bei yake. Wa wati 70 hula yuniti kumi na nusu. Kinachouma zaidi ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, pamoja na ngurumo za radi ambazo nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zinazijua sana. Dhamana nyingi hazilipi madhara ya umeme uliozidi, wala hazilipi kioo kilichopasuka, nacho kioo kipya hukaribia bei ya televisheni yenyewe. Kwa hiyo kifaa cha kukata umeme unapozidi kihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei, na dhamana iwe ya duka lenye fundi hapa nchini, si ya karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya bandari ya mbali.

Muuzaji, alipoona wageni wake wanasita, aliwafungulia mlango mwingine: walipe shilingi 600,000 sasa, kisha shilingi 150,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Mama alihesabu kwa vidole vyake. Jumla ni 2,400,000. Katika laki saba na nusu walizopunguziwa, laki tano na nusu zimerudi dukani kwa mlango wa nyuma, na watoto watakuwa wamekwenda shule mihula mitatu kabla deni halijaisha.

Televisheni ile ya inchi 55 haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mwaka uliopita, yenye DVB-T2 na dhamana ya mwaka mmoja, na maduka mawili ya jirani yaliuza mtambo huo huo kwa milioni mbili na laki moja. Mtu mwenye sebule ya mita tatu na fedha taslimu zisizo na kazi nyingine angeinunua siku ile ile, naye angefanya vema. Kwa nyumba ya Bombo, ingewaachia shilingi 450,000 mbele ya karo ya laki tisa, na kioo kilicho karibu mno na kochi.

"Bei hii mwisho wake kesho," muuzaji alisema.

"Na karo mwisho wake Februari," alijibu mama, kisha akaulizia ile ya inchi 43 iliyokuwa rafu ya chini, isiyo na kibandiko chekundu. Ilikuwa shilingi 1,150,000. Baba alikunja uso kidogo, kwani mwanamume akiishatazama kubwa, ndogo humwonekea kama redio. Hata hivyo ndiye aliyeomba iwashwe kwenye taarifa ya habari, akaenda kusimama pembeni, akasoma kibandiko cha nyuma kwa sauti. Zilibaki shilingi 1,150,000: laki tisa za karo, na laki mbili na nusu za kifaa cha kulinda umeme, antena na nauli.

Mama alihakikisha namba ya mtambo imeandikwa kwenye stakabadhi pamoja na tarehe na muhuri wa duka. Mwenye pikipiki aliyekuwa akingoja mlangoni alijitolea kuulaza mzigo nyuma yake hadi Bombo. Akakataliwa kwa adabu, maana kioo cha namna hiyo husafiri kikiwa kimesimama. Walipanda teksi ya abiria, boksi likawekwa wima kati ya magoti ya baba na dirisha, nao wakalilipia kiti chake.