Dawa Iliyotolewa Mara Mbili



Miaka ya nyuma, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya huku Pwani, nilimchoma insulini bibi mmoja mwenye kisukari, kumbe alikwisha kuchomwa saa moja kabla. Mwenzangu wa jioni aliniambia akiwa mlangoni, anawahi gari la mwisho. Mimi nilikuwa namgeuza mgonjwa mwingine, sikusikia. Hakuna aliyeandika. Saa sita usiku bibi alilowa jasho, akawa anaita majina ya watu waliokwisha kufa. Tulimtundikia maji ya glukosi, akapata nafuu. Asubuhi tukatupiana lawama mbele ya mjukuu wake. Hilo linaniaibisha kuliko sindano yenyewe.

Watu husema wauguzi wana midomo mikali. Wapo, sikatai. Lakini mtazameni muuguzi wa Tumbi, Kibaha: anasafisha kidonda, mara wanaletwa majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Kisarawe nako, mgonjwa atokaye Mzenga au Maneromango hufika hali imekwisha kuwa mbaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazini usioangaliwa vema. Kwa hiyo kumkaripia aliyechoka hakusaidii kitu.

Maoni yangu ni kwamba zamu ikabidhiwe kitanda kwa kitanda, kwa maandishi, na anayepokea arudie alichoambiwa. Wakubwa wengine huona ni kupoteza muda. Siafiki hata kidogo. Na wahudumu waulizwe pia, maana anayemwogesha mzee ndiye wa kwanza kuona kidonda cha mgongoni.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, chagueni msemaji mmoja. Watu kumi wakiuliza swali lile lile, wodi nzima inasubiri.

Nyumbani mambo ni yale yale. Mama anauguzwa na binti mchana, mkwe usiku. Kila mmoja anadhani mwenzake ametoa kidonge cha presha, na hawaulizani kwa kuwa wamenuniana. Nunueni daftari la shule, mlitundike karibu na kitanda chake. Pigeni mistari: saa, dawa, aliyetoa. Asiyejua kuandika atie alama, na mtoto wa shule amsomee.