Kiyoyozi Chataka Fundi, Si Mbabaishaji

Zama za kiyoyozi kuwa pambo la hoteli za watalii na afisi za wakubwa zimepita. Leo hii, kuanzia Mombasa na Malindi hadi Garissa na Lodwar, wananchi wa kawaida wanatia mashine hizo katika nyumba zao ili wapate japo usingizi wa usiku. Wenye uwezo zaidi hutia mtambo mmoja wa kupoza nyumba nzima, ambao hewa yake husambazwa kwa mifereji iliyopitishwa darini hadi kila chumba. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Joto la Pwani la mwezi wa Machi, likichanganyika na unyevu wa bahari, si mzaha, na wanaoumia zaidi ni wagonjwa, watoto wachanga na wazee wetu.

Ugomvi wetu ni na namna mitambo hiyo inavyotiwa. Utamwona mtu akitoa makumi ya maelfu ya shilingi dukani bila kusita, lakini ifikapo zamu ya kumlipa fundi, ndipo anapoanza kubana senti. Humtafuta yeyote mwenye ngazi na bisibisi, akaridhika mradi upepo baridi umetoka. Huo ni ubahili wa hatari, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ili tuone hatari yenyewe, yafaa kwanza tuelewe kiyoyozi ni kitu gani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba yake ya shaba huzunguka kiowevu ambacho, kikifika katika sehemu ya ndani ya nyumba, huvuta joto la chumbani na kugeuka gesi. Kompresa iliyo katika sehemu ya nje huikandamiza gesi hiyo, ikalitoa joto lile nje na kurudi kuwa kiowevu, kisha safari huanza upya. Kanuni hiyo ya kuvuta joto kwa kugeuka mvuke si ngeni kwetu: ndiyo inayoyapoza maji ya mtungi wa udongo, na ndiyo inayotuburudisha jasho linapokauka mwilini. Mmarekani Willis Carrier aliitumia mwaka 1902 alipobuni mtambo wa kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapishaji mjini Brooklyn, na kutokana na kazi hiyo viyoyozi vya kisasa vikazaliwa.

Basi mtambo huu una umeme mwingi, una gesi iliyoshindiliwa, tena ni mzito. Kila moja ya sifa hizo ina madhara yake.

Tuanze na umeme. Stima ya nyumbani kwetu ni ya volti 240, na kompresa huvuta umeme mwingi, hasa inapoanza kuzunguka. Kwa hiyo, mtambo mkubwa hauna budi kupewa njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, kwa waya wenye unene unaofaa, swichi ya kujikata yenyewe, swichi ya kuuzimia iliyo karibu na sehemu ya nje, na waya wa kupeleka umeme ardhini endapo kutatokea hitilafu. Soketi ya ukutani imewekewa kikomo cha ampea 13. Mtu akiuchomeka mtambo mkubwa hapo kwa waya wa kuungaunga, waya hupata moto polepole, ngozi yake ya plastiki huyeyuka, na nyumba huweza kuwaka watu wakiwa wamelala. Tena, asidhani yeyote kwamba kuzima swichi kunatosha kumpa ruhusa ya kuifungua mashine. Kapasita iliyomo ndani huweza kubaki na chaji ya kumdhuru mtu hata baada ya umeme kukatwa.

Gesi nayo ina mambo yake. Kwa miaka mingi viyoyozi vilitumia gesi iitwayo R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabatia mitambo ya zamani. R-410A iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Sasa zimeenea mashine za R-32, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni kama thuluthi ya hiyo, na zipo nyingine zinazotumia propani.

Hapa ndipo penye mtego. R-32 huweza kushika moto, ijapokuwa si kwa wepesi. Propani hushika moto upesi sana. Fundi aliyezoea R-22 isiyowaka, ambaye huchomea mabomba huku gesi ingali ndani, anaweza kuyaangamiza maisha yake na ya wenye nyumba. Aidha, kila mtambo umeundwa kwa gesi yake. Kujaza gesi nyingine kwa sababu ni rahisi au ndiyo iliyopo dukani ni kualika maafa.

Mabomba yakishaungwa, hupimwa kwa naitrojeni kavu ili ijulikane kama yanavuja. Kamwe hayapimwi kwa oksijeni, kwa kuwa oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Kisha pampu maalumu hutumiwa kuondoa hewa na unyevu wote uliomo, ndipo gesi ifunguliwe. Mbabaishaji asiye na pampu huiruka hatua hiyo, na mwenye nyumba hugundua mwaka unaofuata kompresa inapokufa. Na mashine ya zamani inapoondolewa, gesi yake hukusanywa katika mtungi, haiachiliwi angani.

Kuna na mengine yanayoonekana madogo. Sehemu ya nje ni nzito, na chumvi ya bahari hula chuma. Vyuma vya kuibebea visipokuwa imara na visipokaguliwa, iko siku mzigo huo utamwangukia mpita njia. Bomba la maji yanayotonwa na mtambo lisipopewa mteremko, maji yatarudi ndani na kuvifikia vifaa vya umeme, au yatatuama nje na kuwa mazalio ya mbu. Mji wa Mombasa, ulioonja homa ya dengue mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2018, hauhitaji kukumbushwa madhara ya mbu hao. Zaidi ya hayo, viyoyozi vingi vya nyumbani huizungusha hewa ile ile ya ndani. Haviingizi hewa mpya. Anayefunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi huku jiko la makaa linawaka ndani hujiua kwa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu.

Isitoshe, mtambo mkubwa kupita kiasi si sifa. Huupoza upesi mwanzo wa usiku, ukazimika kabla ya kuondoa unyevu, ukawaka tena na kuzimika tena, mwenye nyumba akabaki na chumba chenye uchepechepe na bili kubwa ya stima. Fundi wa kweli hupima vyumba, madirisha, dari na mwelekeo wa jua kabla ya kutaja ukubwa wa mashine. Wazee wetu wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walilijua hilo bila umeme: walijenga kwa mawe ya matumbawe kuta nene, dari za juu na viwanda vya wazi ndani ya nyumba, na wakaziacha njia nyembamba zitiane kivuli. Anayetia kivuli dirishani na kinga ya joto chini ya mabati atatosheka na mtambo mdogo.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya kutandaza nyaya za umeme ifanywe na mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi, na kupewa hati ya kazi baada yake. Lakini lieleweke jambo moja: leseni ya umeme haimfanyi mtu kuwa bingwa wa gesi, wala ujuzi wa gesi haumpi mtu ruhusa ya kushika nyaya. Ni fani mbili. Ama apatikane aliyehitimu katika zote, ama waitwe mafundi wawili.

Wapo watakaosema kwamba tunataka kuwanyima vijana wa jua kali riziki yao. La hasha. Wengi wao wana mikono yenye ustadi waliyoupata kwa kutazama na kutenda. Kinachowakosesha heshima ni kukosa cheti, na kinachohatarisha maisha yao ni kukosa mafunzo ya gesi hizi mpya. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi hata kwa waliojifunzia kazini. Serikali za kaunti, ambazo chini ya Katiba ya mwaka 2010 zina jukumu la kusimamia vyuo vya ufundi vya vijijini, zinapaswa kuwasaidia vijana hao kuzilipa ada za majaribio, na kuvipa vyuo pampu, vipimo na mitungi ya naitrojeni. Fundi hafunzwi kwa chaki peke yake.

Kwenu walimu wa fizikia na kemia, hapa pana somo lililo hai. Joto fiche, shinikizo la gesi, mkondo wa umeme na ozoni, yote yamo katika kisanduku kimoja kinachonguruma ukutani. Mwanafunzi akiyafahamu, atakuwa wa kwanza kumwuliza fundi nyumbani kwao: leseni yako iko wapi, gesi hii ni ipi, na pampu umekuja nayo? Maswali hayo hayagharimu hata senti moja, na mzazi asione haya mtoto wake akiyauliza.