Punje Ipo, Lakini Nani Atashiba?

Kwenye malisho ya juu ya milima ya Alps, ambako theluji huondoka kwa miezi michache tu, huota nyasi fupi yenye suke nene la zambarau iliyokolea. Kitaalamu inaitwa Phleum alpinum, na hupatikana pia Iceland na hata kisiwa cha South Georgia. Kwa kuwa mbegu zake zinalika, ni rahisi mtu kuipachika kwenye orodha ya vyakula vya porini vilivyosahauliwa. Naipinga orodha ya namna hiyo. Kulika ni jambo moja, kushibisha ni jingine, na kinachoyatenga ni jasho la mvunaji.

Mwaka 1966 mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, Jack Harlan, alivuna ngano mwitu kwa mundu wa jiwe katika miteremko ya Karacadağ, Uturuki. Alipata takriban kilo moja ya punje safi kwa saa, akakadiria kuwa familia ingeweza kujiwekea akiba ya mwaka kwa wiki tatu hivi. Hicho ni chakula. Ile ngano ina punje nono na ilikuwa imejaa mlima mzima. Nyasi yetu ya Alps ina vipunje vidogo mno vilivyobanwa ndani ya maganda, suke moja hapa, jingine kule. Ukipepeta, upepo unaochukua pumba unaondoka na mbegu pia. Jirani yake, Poa alpina, mara nyingi hata hahangaiki na mbegu: huotesha vichipukizi kwenye suke, vikadondoka na kushika mizizi.

Mtu atauliza: na teff, nafaka ya Ethiopia, je? Punje yake ni kama milimita moja tu, na Waethiopia hula mkate wake, injera, kila siku. Kweli, lakini wakulima wao waliichagua kwa maelfu ya miaka mpaka ikaacha kupukutisha mbegu ovyo, na huipanda shamba zima. Kuyafanya hayo kwenye udongo mwembamba wa kilele, ambako jeraha la jembe huchukua miaka kupona, ni kuharibu malisho ambayo tayari yana kazi. Ng'ombe hula jani, shina na suke kwa pamoja bila kuhitaji ungo, na maziwa yake ya kiangazi ndiyo yanayotoa jibini kama Beaufort ya Ufaransa.

Wapo watakaosema mwenye njaa hachagui. Hachagui, ila nguvu zake zina kikomo, na akitumia siku nzima kupata konzi moja atalala na njaa kubwa zaidi. Kwa hiyo wanaoandaa orodha hizi waandike mbele ya kila mmea: kilo ngapi kwa saa.