Bosi Anajua Lapi Yako Inafanya Nini. Wewe Je?

Maze, jana ulikaa kwa lapi masaa mangapi? Na kazi yenyewe ulifanya ngapi? Usikimbilie kujibu. Mimi pia nilikuwa najibu haraka, hadi lapi ikanishtaki.

Wasee wa kazi za mtandaoni wanajua hii stori. Ukichukua kazi ya kulipwa kwa saa pale Upwork, kuna programu inapiga picha za skrini yako, 6 kila saa. Inahesabu pia umegonga kibodi na mausi mara ngapi. Mteja akiwa huko Marekani anajua kama unaandika ama unacheki mechi YouTube.

Sasa fikiria hapo. Mteja ana rekodi ya masaa aliyonunua. Yale mengine ya siku, yale yako, nani anayahesabu?

Mwezi uliopita nikaamua kujipeleleza. Nikaweka ActivityWatch. Ni ya bure, na iko ya Windows, Mac na Linux. Inaandika ni dirisha gani lilikuwa mbele na kwa muda gani. Ukitoka kununua smokie, ikikaa kama dakika 3 bila kuguswa, inajua haupo.

Nilikuwa najiona hasla wa nguvu, masaa 10 kwa siku. Rekodi ikasema kuandika kwenyewe ni masaa 3 na kitu. Nikajua ni TikTok imenimaliza. Wapi! Ilikuwa WhatsApp. Na hata sikuwa nakaa huko sana, nilikuwa naingia na kutoka: dakika 2, natoka, dakika 4, narudi. Stori ya saa moja inakula asubuhi nzima. Na mimi nalipwa kwa stori, kwa hivyo hiyo ilikuwa pesa ya tokeni na bando nikiimwaga mwenyewe.

Nilibadilisha kitu kimoja tu. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, WhatsApp ya lapi imefungwa. Mathe akinitaka atapiga simu. Sikuhizi stori mbili zinaisha kabla ya lanchi. Siku zingine bado nachemsha, sitakudanganya.

Lakini kabla uweke programu yoyote, uliza rekodi inakaa wapi. ActivityWatch inaziweka kwa lapi yako. Zingine zinatuma kwa seva za kampuni. Si mnakumbuka 2024 Microsoft walipotangaza Recall, ile ya kupiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache? Watu walipiga kelele hadi uzinduzi ukasongezwa mbele.

Na kama ni bosi ameweka ya kwake kwa lapi ya ofisi, usinyamaze. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika vipi, na ya kuitisha uione.

Pia usijipige sana na hizo namba. Ukikaa na kalamu ukifikiria, mashine inasema haupo. Mashine haijui kufikiria pia ni kazi.

Jaribu siku 7. Usibadilishe kitu, cheki tu. Halafu amua mwenyewe nani amekuwa akikuibia masaa: bosi, ama ni wewe.