KAZI IPO, MSHAHARA NDIO ULIOFICHWA



Katika mkutano wa tawi uliopita alisimama mwenzetu mmoja, mzee wa heshima na mwanachama wa miaka mingi, akasema ya kuwa vijana wanaotoka vyuoni siku hizi hawapati kazi kwa sababu wamesoma mambo yasiyo na faida, na tena wanachagua kazi. Watu wengi walipiga makofi. Sisi tunaoandika karatasi hii hatukupiga, na leo twataka kueleza kwa nini.

Kwanza tutazame hapa hapa Karungu kabla ya kwenda mbali. Shuka alfajiri ufukoni Sori wakati mashua za omena zinaporudi, uwatazame wanaobeba ndoo. Mmoja wao twamjua sana, na jina lake tunalihifadhi. Ana shahada ya ualimu, hisabati na fizikia. Mchana anafundisha katika shule moja ya sekondari ya upande huu. Hakuajiriwa na Serikali. Analipwa na bodi ya shule kutoka katika karo, shilingi 9,000 kwa mwezi, iwapo wazazi wamelipa. Na wazazi ni wavuvi. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawavuliwi, kwa maana taa haziwavuti; basi uvuvi ukilala karo nayo inalala, na mshahara wa mwalimu unalala pia. Muhula uliopita alipata mshahara wa mwezi mmoja tu. Kwa hiyo usiku wa giza huingia ziwani na taa kama wengine, na saa mbili asubuhi yuko mbele ya ubao, macho mekundu, akifundisha watoto wetu.

Twauliza: mtu huyu amechagua kazi gani? Na ni ujuzi gani alioukosa? Watoto wanaofaulu fizikia katika shule ile ni yeye aliyewafundisha. Kazi anayo, tena anazo mbili. Asichonacho ni mshahara.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kila mwanachama alishike. Watu husema “hakuna kazi” kana kwamba nchi hii imekwisha kuhudumiwa na hakuna la kufanya tena. Nenda katika zahanati yo yote ya kando ya Ziwa siku ya kliniki, uone foleni ya akina mama na watoto, halafu uhesabu wauguzi. Tume ya walimu, T.S.C., yenyewe husema kila mwaka ya kuwa shule zina upungufu wa walimu wa makumi ya maelfu. Na katika daftari zake wamo walimu zaidi ya 300,000 walioandikishwa, wana vyeti na namba, na hawajaajiriwa. Darasa liko upande huu, mwalimu yuko upande ule, na kilicho katikati yao ni fungu la mshahara ambalo halikutengwa. Hapo kosa la kijana liko wapi?

Wazee wetu si wajinga walipoamini ya kuwa karatasi ya shule ni kazi. Waliona kwa macho. Karungu ilikuwa na boma la Serikali mwanzoni mwa karne ya 20, kabla boma halijahamishwa Kisii, na tangu siku zile mtu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa karani, na karani alikuwa mtu. Mwaka 1959 Tom Mboya, mtoto wa Rusinga hapo jirani, ambaye wakati ule alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyi kazi, K.F.L., aliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, na wengine wakafuata. Waliporudi walikuta viti vinawangoja. Si kwa sababu walisoma mambo ya faida kuliko watoto wa leo. Wako waliosoma historia na siasa na lugha, yale yale ambayo leo mnayacheka. Walikuta viti kwa sababu Wazungu walikuwa wanaondoka na Serikali mpya ilikuwa inafungua shule, hospitali na ofisi, na ilikuwa tayari kuwalipa watu wa kukaa humo.

Nini kilibadilika? Mpaka mwaka 1998 aliyemaliza chuo cha ualimu alikuwa akipewa barua ya kupelekwa shuleni. Mwaka ule Serikali ilisimamisha kuajiri walimu, katika miaka ile wakopeshaji wa ng'ambo walipokuwa wakiibana ipunguze watumishi wake. Tangu hapo mwalimu mpya alianza kungoja mwingine afe au astaafu. Na wakati mlango wa ajira unapunguzwa, mlango wa chuo ulizidi kupanuliwa. Leo hapa Migori tuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati yake mwaka 2016, na Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina la Mboya mwenyewe. Hatuvilaumu vyuo hivyo, twavifurahia. Lakini aliyepanua mlango mmoja na kuubana mwingine ni yule yule mmoja, na sasa anamwambia kijana aliyebanwa katikati ya kuwa amenenepa kupita kiasi.

Katika kungoja huko kijana halei jasho lake tu, analipa. Mzazi aliuza ng'ombe, harambee ikaitishwa, majirani wakatoa. Mkopo wa HELB nao unatakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo, na faini ya kuchelewa ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Lipime hilo na zile shilingi 9,000 za mwalimu wetu. Halafu anayetaka kuajiriwa hudaiwa cheti cha polisi, cha kodi, cha mkopo, na uzoefu wa miaka mitatu. Nauli ya basi la usiku mpaka Nairobi, nakala za karatasi, na mwishoni mtu fulani mlangoni anakukumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe linalotutia hasira. Zamani mwanagenzi alikuwa nani? Alikuwa kijana anayekaa na fundi kujifunza ufundi. Akiharibu ubao fundi anamwonyesha, na akiisha kujua anaitwa fundi. Leo neno hilo limegeuzwa. Mtu ana shahada, ana namba ya T.S.C., amekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha, anapewa darasa zima peke yake, na bado anaitwa mwanagenzi ili alipwe kidogo. Walimu wa sekondari za chini walichukuliwa kwa maelfu kwa jina hilo mwaka 2023, wakapewa shilingi 20,000 kabla ya kukatwa. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema ya kuwa mwalimu aliyekwisha kuandikishwa hawezi kuajiriwa kama mwanagenzi. Mwezi wa Mei walimu wenyewe waligoma. Mwezi wa Januari 2025 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Mnadhani mambo yakaisha? Mwaka huo huo wengine wapya wakachukuliwa kwa jina lile lile.

Hata madaktari hawakuachwa. Katika mapatano ya mwaka 2017 daktari mwanagenzi aliwekewa kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikataka kumpa 70,000. Chama cha madaktari kiligoma siku 56, kuanzia Machi mpaka Mei, na wagonjwa wetu hapa waliumia, hatufichi. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule Serikali ilikubali kulipa kama mapatano yalivyosema. Angalieni vizuri tofauti. Daktari mwanagenzi alikuwa na chama kilichomhesabu kuwa ni mtu wake. Mwalimu wetu wa bodi hapa Karungu ana chama gani? Sisi, ambao tunakaa naye chumba kimoja cha walimu, tumemfanyia nini?

Wako wanaosema: basi wajiajiri. Husemwa zaidi na watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Hesabu za Serikali zenyewe zaonyesha ya kuwa mwaka 2024 zilipatikana kazi mpya 782,300 nje ya ukulima mdogo, na katika hizo 703,700 zilikuwa za jua kali na nyinginezo zisizo rasmi. Yaani tisa katika kila kumi. Vijana wamekwisha kujiajiri, mabwana! Wako juu ya pikipiki, wako katika vibanda vya simu, wako ndani ya mashimo ya dhahabu huko Nyatike, wakishika zebaki kwa mikono mitupu, si mbali na Macalder ambako kampuni ilifunga mgodi wake mwaka 1966 ikaenda zake. Kazi ya boda boda ni kazi halali na hatuidharau. Lakini pikipiki mia katika njia moja ya Sori zinagawana abiria wale wale, na abiria wale wale nao wanangoja mtu wa mshahara awalipe deni.

Kuna dawa nyingine ambayo tunajua itatolewa tena, kwa hiyo twaitaja mapema. Mtaambiwa ya kuwa nyinyi wenye kazi mnalipwa sana, mkubali mishahara isimame ili vijana waajiriwe. Jambo hili lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyi kazi walitia sahihi mapatano ya pande tatu: Serikali iongeze watu 15 kwa kila 100, waajiri wengine waongeze 10 kwa kila 100, na wafanyi kazi wasidai nyongeza wala wasigome kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Waliopata hawakufika 40,000, na katika hao si wote waliobaki mapatano yalipokwisha. Wafanyi kazi walitimiza neno lao lote, kwa sababu neno la mfanyi kazi hukatwa moja kwa moja katika mshahara. Neno la mwajiri lilikuwa la kungojewa. Mwaka 1970 wakafanya tena mapatano ya namna hiyo hiyo.

Hatusemi haya kwa kuwapendelea vijana. Twasema kwa sababu ya tumbo letu wenyewe. Mwenzetu mmoja alituambia, “Hawa watoto wanakuja kuharibu bei ya kazi.” Ni kweli bei inaharibika, lakini kijana hakuipanga. Mwajiri akiwa na mwalimu wa 9,000 upande huu na mwalimu wa mshahara kamili upande ule, wote wawili wakifundisha fizikia ile ile, siku ya kuzungumza nyongeza atamnyoshea kidole yule wa kwanza. Na wewe ukistaafu, kiti chako hakitapewa mtu kwa mshahara wako. Kitapewa mwanagenzi.

Na tuseme ukweli wote hata ukituchoma. Anapofika kijana kazini, sisi wenyewe humtwika madaftari yetu ya kusahihisha, humpa vipindi vya Ijumaa jioni, humtuma chai. Muhula ule ambao mwalimu wetu hakulipwa, hakuna hata mmoja kati yetu aliyesimama katika mkutano wa wazazi kuuliza fedha ziko wapi. Tulinyamaza kwa sababu zetu zilikuwa zimekwisha kuingia benki.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyi kazi ana haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama. Haisemi kila mwenye barua ya kudumu. Mwalimu wa bodi ni mfanyi kazi, na muuguzi wa mkataba wa miezi sita ni mfanyi kazi. Kwa hiyo kamati ya tawi italeta mbele yenu shauri hili: walipwao na bodi, wa mikataba mifupi na wanagenzi wote wa upande wa Karungu wakaribishwe katika tawi kwa mchango wa shilingi 50 kwa mwezi, wapige kura kama sisi, na madai yao ya mishahara iliyocheleweshwa yaandikwe na kupelekwa na katibu kwa jina la tawi zima.

Mzee wetu aliyesema juu ya kuchagua kazi tumemwomba awe mwenyekiti siku hiyo, naye amekubali. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mahali petu pa kawaida. Kila mwanachama aje na mtu mmoja anayefanya kazi karibu naye bila mshahara kamili, na mtu huyo aje na karatasi yo yote inayoonyesha siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Asiye na karatasi aje hivyo hivyo. Tutaandika hapo hapo.